Taadhima kwa Filamu Isiyotisha

Miongoni mwa vitu vinyonge ambavyo wanadamu huvistarehea usiku na kuvitukana asubuhi, sikijui kilichodhulumiwa kuliko filamu ya kutisha iliyoshindwa kumtisha mtu. Na miongoni mwa filamu za namna hiyo, ambazo idadi yake Mungu ndiye aijuaye, sioni iliyo aula ya kutangulizwa kwa sifa kuliko Manos: The Hands of Fate, iliyotengenezwa katika mji wa El Paso, jimbo la Texas, nchini Marekani, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Novemba 1966, na tangu usiku ule ni shida kupata watu wawili walioitazama pamoja wakainuka na kauli moja. Najua wako wasomaji watakaodhani kuwa nafanya dhihaka. Hasha. Nakusudia kuisifu kwa hoja na kwa dhati ya moyo, na asiyekubali namwomba avumilie hadi mwisho, kama wanavyovumilia wote wanaoitazama.

Tuanze na nasaba, kwa kuwa si ada kumsifu mtu kabla ya kuwataja wazee wake. Baba wa filamu hii ni Harold P. Warren, mkazi wa El Paso, aliyekuwa akiuza bima na mbolea, na kucheza tamthilia za mjini kwake kwa mapenzi tu. Huyu alipata kujuana na Stirling Silliphant, mwandishi wa filamu mwenye jina, ambaye miaka michache baadaye alitunukiwa Oscar kwa kazi yake katika In the Heat of the Night. Na katika mazungumzo yao mkahawani Warren akadai kwamba kutengeneza filamu ya kutisha si jambo gumu, na kwamba hata yeye angeliweza, wakawekeana dau, na yasimuliwa kuwa alianza kukiandika kisa palepale mkahawani juu ya karatasi ya kupangusia midomo. Akakusanya dola zipatazo 19,000, akawa mwandishi, mwongozaji, mtayarishaji na mchezaji mkuu kwa wakati mmoja, ili lawama zikija zisipate tabu ya kuuliza njia. Filamu nyingine huzaliwa kwa uchu wa mali, au wa umaarufu, au, kwa nadra, kwa mapenzi ya sanaa. Hii ilizaliwa kwa ubishi, na mtoto wa nyoka ni nyoka.

Fadhila yake iliyo dhahiri ni kutoficha kitu. Filamu njema ni bahili: hula jasho la mamia ya watu, kisha huwafungia wote nyuma ya pazia, mtazamaji akaondoka asijue taa ilikuwa wapi wala nani aliishika. Manos haina ubahili huo. Kamera yake, ya milimita 16, ilikuwa ya kujazwa ufunguo kwa mkono, na kila ilipojazwa iliweza kunasa sekunde 32 tu, kisha ikanyamaza. Kwa hiyo mazungumzo hukatika pale ufunguo ulipokwisha badala ya pale maana ilipotimia, na mara nyingine mchezaji aliyekwisha kusema lake huonekana akikodoa macho, akingoja kuambiwa la kufanya. Mahali pamoja kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera picha ianzapo kimesahauliwa ndani, kikapita kwa nukta moja mbele ya walimwengu wote. Usiku taa zilikuwa chache, na vipepeo wa jangwani wakazikusanyikia, wakaruka mbele ya nyuso za wachezaji bila ya kualikwa. Nuru yenyewe haikufika mbali. Basi askari polisi wawili, wasikiapo mlio wa bunduki, hushuka garini, hupiga hatua chache mpaka mwanga unapokoma, hulitazama giza kwa makini ya watu waliokwisha kutimiza wajibu, kisha hurudi garini. Nimesoma sifa nyingi za filamu za mamilioni zinazoitwa za uhalisi, na sikumbuki hata moja iliyoonyesha upelelezi kwa ukweli mkubwa kuliko huo.

Na sauti, je? Haikunaswa hata chembe wakati wa kupiga picha. Watu wachache waliketi baadaye wakawatilia maneno wachezaji wote, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo. Na Jackey Neyman, aliyekuwa mtoto mdogo alipocheza nafasi ya Debbie, ameeleza utu uzimani kwamba usiku wa maonyesho ya kwanza alitokwa na machozi aliposikia kinywa chake kikitoa sauti ya mwanamke mzima. Tuwe waadilifu katika hesabu. Filamu iliyokusudiwa kuitetemesha dunia ilimliza mtoto mmoja tu, tena wa kwake yenyewe, tena kwa sababu ambayo haikukusudiwa. Lakini ilimliza, na haki hiyo haifai kunyang'anywa.

Kisa chenyewe chasimulika upesi, ingawa filamu haikuona haja ya upesi. Bwana mmoja, Michael, pamoja na mkewe Margaret, binti yao na kijibwa chao, wanatafuta nyumba ya wageni na kupotea njia. Gari linakwenda, jangwa linapita, gari linakwenda tena, na jangwa, ambalo halikuwa na kazi nyingine, linapita tena. Jioni wanafikia nyumba inayotunzwa na mtumishi aitwaye Torgo, mwenye mwendo wa kuyumba na magoti makubwa yasiyo na mfano. Magoti hayo yalikusudiwa kumwonyesha kuwa ni kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, lakini hakuna hata mmoja ndani ya filamu anayeyataja, pengine kwa adabu. Aliyeicheza nafasi hiyo, John Reynolds, alifariki Oktoba 1966, wiki chache kabla ya maonyesho, asiisikie sifa wala lawama. Na nimeona kuwa hata mahasimu wakali wa filamu hii, wakifika kwa Torgo, hupunguza makali. Anabeba sanduku la wageni kwa shida, kwa muda, kwa hatua za mtu ambaye kila goti lake lina rai yake, na mtazamaji aliyekuja kucheka hujikuta akitaka kuinuka akampokee mzigo.

Bwana wa nyumba ile, ambaye Torgo humtumikia, alichezwa na Tom Neyman, baba mzazi wa yule mtoto aliyelia. Neyman ndiye aliyezichonga sanamu na kuichora picha ya kuogofya iliyotundikwa ukutani, na mkewe ndiye aliyelishona lile joho jeusi lenye viganja vyekundu vikubwa, ambavyo Bwana akinyoosha mikono hufunguka pamoja naye, naye akipata kulifungua hana haraka ya kulifunga. Nani awezaye kuibeua kazi iliyofanywa na nyumba nzima, baba akichonga, mama akishona, mwana akiigiza?

Sasa nafika mahali ambapo, kwa rai yangu, filamu hii hupanda daraja ambayo nyingi zilizo bora hazikuifikia. Bwana yule ana wake wengi, wamevaa mavazi meupe ya kulalia, wamelala wamesimama kwenye nguzo. Wakiamshwa hukaa barazani kuamua hatima ya wageni. Wengine wanataka wote waangamizwe, na mtoto pia. Wengine wanasema mtoto ni wa kike na hastahili kudhuriwa. Hoja zinakutana na hoja, sauti zinapanda, hakuna anayemsikiliza mwenziwe, na ghafla mkutano unahama kutoka vinywani kwenda mikononi, wake wote wakashikana na kugaagaa mchangani katika mavazi yale meupe kwa muda mrefu kuliko haja ya mtu yeyote. Uamuzi haupatikani. Wachambuzi wengi wamelitaja tukio hilo kuwa ni kilele cha upuuzi. Mimi naliona kuwa ni utabiri, kwani sijui kisa kingine kilichowachorea watazamaji wake picha yao kabla wengi wao hawajazaliwa: tangu 1966 hatujafanya jingine ila kuuendeleza mkutano ule wa wake, tukibishana kama kitoto hiki kiuawe au kiachwe kiishi.

Wako wasemao kuwa ndiyo filamu mbovu kuliko zote zilizopata kutengenezwa, na hao ni wengi, na ushahidi wao ni mzito. Hao ni warithi halali wa watu wa El Paso waliohudhuria usiku wa kwanza katika ukumbi wa Capri, ambapo wachezaji waliletwa kwa fahari ndani ya gari refu la kukodi, gari moja tu, yasemekana, likiwashusha wachache mlangoni na kuzunguka mtaa kuwafuata wengine. Na kabla mambo hayajafika mbali ukumbi ukaanza kucheka, na baadhi ya waliokuja kwa gari la fahari wakaona aula kutoka kimyakimya. Wako wengine wanaoipenda kwa sababu ileile wanayoichukia wa kwanza, wakiitazama kwa makundi na kuzijibu kauli za wachezaji kabla hazijasemwa. Wako wa tatu, wachache, wenye kusemwa vibaya na pande zote, wanaodai kuwa yatisha kwelikweli: kwamba sauti zisizolingana na vinywa, na wakati usiokwenda, na nyumba isiyo na nuru ambayo watu wana nafasi ya kuikimbia na hawaikimbii, ndizo sifa hasa za jinamizi, na kwamba Warren alipata kwa ajizi kile ambacho mafundi hukitafuta kwa mali.

Zamani niliwacheka hao wa tatu pamoja na wacheka wengine. Lakini mwisho wa kisa uko upande wao, na mimi siucheki: wageni wengine wawili wanafika nyumbani pale, na anayewapokea mlangoni ni Michael, aliyekuwa baba wa watu, sasa amekuwa mtumishi, mkewe amefungwa kwenye nguzo miongoni mwa wake wa Bwana, na binti yake mdogo pia. Hakuna aliyeokoka, hakuna aliyeadhibiwa, na maandishi ya kuhitimisha yametiwa alama ya kuuliza. Filamu nyingi zenye damu ya mapipa hazina tendo moja ovu kama hilo, tena limeonyeshwa kwa utulivu wa mtu anayekupa risiti.

Wa nne, wanaosema tuionee huruma kwa kuwa wenyewe walijitahidi, nawapita haraka; filamu hii haikuja kuomba sadaka.

Filamu iliyo njema, watu wakitoka huambiana kuwa ni nzuri, kisha wakaulizana watakula wapi. Neno limekwisha. Ubora ni hukumu isiyo na rufaa. Lakini anayesema Manos ni mbovu ataulizwa ni mbovu kuliko ipi, na anayesema yachekesha ataulizwa kama inachekesha au inachekwa, na anayesema yatisha ataombwa athibitishe, na kila mmoja, ili amshinde hasimu wake, hana budi kurudi kuitazama upya. Ndipo ikawa kwamba wanaoichukia wameitazama mara nyingi kuliko wanavyotazama walivyovipenda, na wanajua dakika ambayo kibao kinatokea, na upande ambao kipepeo anaingilia. Kazi ya sanaa yaweza kutaka heshima gani zaidi ya adui aliyeihifadhi moyoni?

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nao walisema kweli, ila hawakueleza umbali ambao kibaya chaweza kutembea kikiwa na pumzi. Baada ya kuonyeshwa katika kumbi chache za huko kwao, Manos ilizama ikasahauliwa kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, hata Januari 1993 ikaibuliwa na kipindi cha televisheni kiitwacho Mystery Science Theater 3000, ambamo mtu mmoja na maroboti wake hulazimishwa kutazama filamu mbovu na kuzifanyia tashtiti tangu mwanzo hadi mwisho. Tangu hapo haikulala tena. Mwaka 2011 kijana mmoja, Ben Solovey, katika shehena ya filamu kuukuu alizonunua, aliikuta nakala ya awali ya milimita 16. Akawaomba watu msaada wa kuisafisha, na watu hao, ambao wengi wao wangeliapa mahakamani kuwa ni takataka, wakachanga fedha zilizozidi maradufu ya zile zilizoitengeneza. Ni kweli kuwa dola ya 1966 si dola ya leo. Lakini majumba mengi ya kale yenye thamani yanaanguka hivi sasa kwa kukosa wachangaji wa namna hiyo, na sababu yake, naamini, ni kwamba kila mtu anakubali kuwa ni mazuri.

Limebaki shauri la madai. Wapinzani wa filamu hii, wamalizapo hoja nyingine zote, hudai warudishiwe saa yao moja na dakika kama kumi, na mimi, japo ni wakili wa upande wa pili, nimejaribu kwa nia njema kuwatafutia wa kumshitaki. Wachezaji hawafai kushitakiwa, kwa kuwa waliahidiwa sehemu ya faida, na faida haikupatikana. Warren alifariki mwaka 1985, akiwa ameshinda dau lake, maana hakuahidi kuwa itakuwa nzuri, aliahidi kuwa itakuwapo. Husemekana kwamba waliopata malipo yoyote ni wawili tu, yule mtoto Jackey, aliyepewa baiskeli, na mbwa wa kwao, aliyecheza mbwa wa Bwana na kupewa mfuko mkubwa wa chakula. Chakula kimekwisha kuliwa tangu zama za Rais Johnson. Na baiskeli, madhali ilikuwa fidia ya machozi, sidhani atapatikana kadhi wa kuamuru irejeshwe.