Mwongozo wa Kuishi na Mzee Aliyefia Kwenye Foleni

Hongera kwa kununua nyumba Makole, Dodoma. Umepata geti la chuma, tangi la maji, mwarobaini uani, na mzee mmoja ambaye dalali hakumtaja. Dalali usimlaumu. Kazi yake ni kuonyesha vyumba, na mzee hana chumba. Anashinda ukumbini, bahasha ya kaki kwapani.

Mizimu ya kwingine hutembea usiku wa manane. Huyu huanza saa moja na nusu asubuhi. Utasikia bakora ikigonga sakafu, geti likilia, kisha kimya hadi saa tisa na nusu, ofisi zinapofungwa. Usihangaike na ubani wala maji ya baraka. Anakwenda CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kufuatilia hati ya kiwanja.

Anza na salamu. Ukisema "Mbukwa" ataitikia vizuri, maana Ugogoni hata marehemu hasemeshwi kabla ya kusalimiwa. Usimuulize shida yake: ataieleza yote, nawe utachelewa kazini.

Kuna habari mbili lazima umpe, taratibu. Ya kwanza, serikali imehamia. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yaje Dodoma, kazi ikapangiwa miaka kumi. Mzee akajenga vyumba vya uani vya kupangisha watumishi, akangoja. Akangoja sana. Watumishi walipoanza kumiminika baada ya tangazo la Julai 2016, yeye alikuwa keshalala. Hatakuamini, maneno hayo aliyasikia tangu ndevu zake ni nyeusi. Mpeleke Mtumba akaone wizara kwa macho yake, au mtajie tu kodi ya chumba kimoja siku hizi. Hapo ataamini papo hapo, na atauliza ni nani aliyekuwa akiipokea. Swali hilo waachie wanawe.

Habari ya pili ni nzito: CDA yenyewe imekufa. Rais Magufuli aliivunja Mei 2017, kazi zake zikapewa manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa jiji. Kwa hiyo mzee anafuatilia faili kwenye ofisi iliyo marehemu mwenzake, na pengine ndiyo maana hawajagombana. Kumbuka pia kwamba hati za CDA zilikuwa za miaka 33. Kama yake ingeanza 1984, ingeisha mwaka uleule ofisi ilipofungwa. Ndipo ikaagizwa zitolewe za miaka 99. Mtajie hilo, maana umri huo unamfaa mtu wa hali yake.

Majirani watakuelekeza kwa mganga. Mimi nakuelekeza Mahakama ya Mwanzo, ambako hawapokei kuku. Kinachomzuia mzee kulala ni kwamba watoto waliuza nyumba bila kufungua mirathi. Mwulize aliyekuuzia: barua ya usimamizi iko wapi? Akikujibu, "Sisi kama familia tulikubaliana," jua umenunua makubaliano, nyumba bado ni ya mzee. Uliza na mjane. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na bi mdogo ambaye hakuna aliyemtaja huwa yupo Kondoa, mzima wa afya, na wakili wake. Huyo ndiye wa kuogopwa.

Dawa ni kuwarudisha wote kwenye kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, msimamizi aombwe mahakamani. Akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Mzee atataka kuhudhuria. Mkalishe nyuma, na asipewe nafasi ya kuchangia, ataanza na mgogoro wa mbuzi.

Huku mambo yakiendelea, kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yako tangu 2021. Usimdai mchango. Hatumii umeme.

Siku utakapopeleka karatasi zako jiji, huenda ukaambiwa kiwanja hicho kina ofa nyingine, ya mtu mwingine, naye marehemu. Usipandishe sauti. Nenda nyumbani, ongeza kikombe kimoja cha chai, kisha waulize wazee wote wawili ni nani mwenye risiti ya zamani zaidi.