Ami Waya Akujibu: Video ya Kupamba Yashuka Ghorofa ya Chini

Wiki hii barua zimejaa mezani, kuanzia Feri hadi Mji wa Kale wa Mombasa, na karibu zote zahusu kile kijisanduku chenye diski ambacho mafundi hukiita NAS. Kwa asiyekijua, ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Huunganishwa na rauta, hutiwa filamu, nyimbo na picha za nyumba nzima, na runinga ikavuta humo. Shangazi wa magazeti mengine huulizwa mapenzi. Mimi naulizwa waya, ingawa kesi zenyewe, mkisoma mtaona, zaelekea kwa kadhi vilevile.

*Salaam aleikum Ami. Mimi nakaa Kibokoni, ghorofa ya pili. Mume wangu alinunua NAS na runinga ya inchi 55. Filamu ikifika pahali patamu husimama, duara likazunguka. Yeye yuwasema ni intaneti, na ameshaongeza kifurushi mara mbili. Duara bado lazunguka. Sasa ametukataza mimi na watoto kutazama zile sinema za kwenye sanduku, ati twamaliza bando. Nimwambieje?*
*Bi Duara*

Waalaikum salaam, Bi Duara. Mwambie kwa upole, na iwe baada ya chakula. Filamu iliyomo kwenye sanduku haitoki nje ya nyumba yenu. Yatoka kwenye diski, yapita kwenye rauta, yaingia kwenye runinga, bando haliguswi. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika huko upande wa kusini, na intaneti ya Kenya na Tanzania ikawa yatambaa, ingawa nyaya hizo zatua papa hapa Mombasa. Mwenye sanduku lake nyumbani alitazama sinema yake mpaka mwisho kama kwamba hapana lililotokea. Hicho kifurushi kipya mumeo ameitolea kampuni sadaka, na sadaka ya namna hiyo haina thawabu.

Mimi namshuku ukuta. Wazee waliozijenga nyumba hizo za Mji wa Kale kwa matumbawe na chokaa walifanya kuta zikakaribia nusu mita kwa unene, wapate kivuli na baridi. Waifai hawakuitia hesabuni. Rauta nyingi hutoa mawimbi ya namna mbili. Ya gigahezi 5 yana kasi lakini hufia ukutani. Ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila ni ya polepole na yamesongwa na rauta za majirani, na Kibokoni jirani yako waweza kumpa chumvi dirishani bila kushuka ngazi. Filamu ya kawaida ya Full HD hutaka kama megabiti 5 hadi 10 kwa sekunde. Ya 4K iliyonakiliwa kutoka Blu-ray bila kubanwa huweza kupita 80. Hiyo haivuki ukuta wa matumbawe hata ukiisomea.

Mfanye jaribio jioni moja. Lichukueni sanduku na runinga mvisogeze karibu na rauta, vyote viwili mvichomeke kwa waya. Filamu ikitiririka, mkosa ni ukuta, na dawa ni kuvuta waya wa kudumu. Waya wa Cat 5e hubeba gigabiti moja hadi mita 100, na sijaona nyumba ya Mji wa Kale yenye mita 100 ndani, hata ya tajiri. Ikikwama hata kwa waya, basi faili ni nzito kuliko runinga. Tundu la waya la runinga nyingi huishia megabiti 100 tu, na tena huenda runinga yenyewe haiijui lugha ya faili hilo.

Waya upitisheni sambamba na boriti, kisha ushuke kwenye kona ya ngazi. Fundi asitoboe ukuta wa mbele. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi na ofisi yake iko, iulizeni kwanza. Tundu la matumbawe likizibwa kwa saruji, unyevu hukwama ndani na chokaa ikaanza kubambuka. Na wale watakaokuuzieni vifaa vya kupitisha mtandao kwenye nyaya za stima, waulizeni kama ghorofa zenu zina mita moja au kila mtu na yake. Zikiwa mbalimbali, msitoe pesa.

*Ami, nimevunjiwa heshima. Binti yangu alipoolewa tulimfanyia kupamba, wanawake peke yao. Simu zote zilikusanywa mlangoni, na mpiga video alikuwa mwanamke. Mwanangu wa kiume akaitia ile video kwenye NAS tuitazame wenyewe sebuleni. Juzi mke wa mpangaji wa chini alinijia, macho chini, akaniambia mumewe alikuwa atafuta mpira kwenye runinga yao akaona folda imeandikwa KUPAMBA MWISHO KABISA. Akaifungua, ati hakujua ni nini. Waifai tuliwapa kwa wema, wao hutuchangia mia tano kwa mwezi. Mume wangu ataka wahame. Na binti mwenyewe yuko Maskati kwa mumewe, ataka kuiona, na kakake asema atamfungulia poti. Nifanyeje?*
*Mama wa Bi Harusi, Ndia Kuu*

Pole sana, dada yangu. Sikilizeni kabla ya mtu kutupiwa mizigo barazani.

Sanduku lenu na runinga za siku hizi huzungumza kwa utaratibu uitwao DLNA. Makampuni ya vifaa vya umeme yaliungana mwaka 2003 kuutengeneza, na walichokuwa wakikifikiria ni nyumba ya mtu na mkewe na watoto wao wawili. Nyumba ya Ndia Kuu hawakuiona, yenye ghorofa tatu, familia nne na rauta moja. Kwa hiyo DLNA haiulizi nenosiri. Sanduku hupiga mbiu kila baada ya muda, "Niko hapa, nina video," na kila runinga iliyo kwenye mtandao huo husikia na kuweka alama yake kwenye kioo. Mpangaji hakuvunja mlango. Ni sanduku lenu lililoshuka ngazi likampigia hodi. Kosa lake ni kufungua folda yenye jina kama hilo, na mkewe, naona, keshamweleza.

Usiku huuhuu mwanao aingie kwenye mipangilio ya NAS aizime huduma ya DLNA, au angalau aitoe folda hiyo kwenye orodha ya video za kutangazwa. Kisha abadilishe nenosiri la waifai. Lile la zamani alilopewa mpangaji limeshafika kwa watoto wake, kwa rafiki wa watoto, na sitashangaa likiwa kwa muuza mahamri. Rauta nyingi zina mtandao wa wageni. Mpangaji awekwe huko: intaneti ataipata, mpira ataona, ila sanduku lenu halitamfikia wala yeye kulifikia. Mia tano yenu itaendelea kuja.

Baadaye wekeni programu ya Jellyfin, ambayo ni ya bure na ilianzishwa mwishoni mwa mwaka 2018. Humo kila mtu huwa na jina lake na nenosiri lake, na kila jina huchaguliwa maktaba za kuona. Maktaba ya harusi iwe yako wewe peke yako.

Nasema wewe peke yako, nami nina sababu. Umeniandikia habari za mpangaji karatasi nzima, lakini aliyeinakili ile video ni mwanao wa kiume. Bi harusi ni dada yake, sawa. Na wale wanawake wengine waliocheza bila buibui, wake za watu na mabinti za watu, ni dada zake pia? Faili halinakiliwi kwa macho yaliyofumbwa, na asiyelitazama hawezi kuliita MWISHO KABISA. Enzi za kanda mambo yalikuwa wazi zaidi. Mtafiti Minou Fuglesang alipochapisha mwaka 1994 kitabu chake Veils and Videos kuhusu wasichana wa Lamu, video ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi, na ukiiazimisha wajua iko kwa nani. Siku hizi mlinzi wa kanda ni yule aliyesoma kompyuta, na kwenye nyumba nyingi ni kijana wa kiume. Mfundisheni msichana mmoja kazi hiyo. Haichukui jioni mbili.

Ama hiyo poti, asifungue. Kufungua poti ni kuliweka sanduku lenu mbele ya dunia nzima. Januari 2022 wahalifu waliojiita DeadBolt waliingia kwenye maelfu ya masanduku ya QNAP yaliyokuwa wazi kwa intaneti, wakayafunga mafaili na kumdai kila mwenye sanduku bitikoini 0.03. Na hao walitaka pesa tu. Wako wenye kutaka picha. Bi harusi apelekewe flashi iliyofungwa kwa nenosiri (programu ya VeraCrypt hufanya hivyo bure), iwe mkobani mwa shangaziye akisafiri Maskati. Nenosiri mumwambie kwa simu, lisisafiri pamoja na flashi.

*Ami, sauti haitoki. Picha yaonekana vizuri, watu wafungua midomo, kimya.*
*Kiziwi wa Kizingo*

Faili lako huenda lina sauti ya DTS. Samsung iliacha kuisoma kwenye runinga zake tangu modeli za 2018. Igeuze iwe AC3 au AAC, au uiachie Jellyfin ikugeuzie yenyewe wakati wa kutazama. Masikio yako ni mazima.

*Shikamoo Ami. Niko Likoni. Jioni nikitoka kazini nilinunua diski ya terabaiti 16 kwa kijana pale Feri, shilingi 2,500 baada ya kuvutana. Nimeipachika kwenye rauta. Filamu za kwanza zafunguka, za baadaye zaonyesha jina lakini hazichezi. Je, rauta yangu ni mbovu?*
*Msafiri wa Feri*

Marahaba. Rauta ni nzima, mwanangu. Ukilifungua hilo ganda utakuta kikadi kidogo cha kumbukumbu kilichogandishwa kwa gundi, na programu iliyofundishwa kuiambia kompyuta uongo. Kikijaa, huandika filamu mpya juu ya za zamani au huzitupa, na majina yakabaki kwenye orodha. Ipime kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux: huijaza diski yote kisha huisoma tena, na ukweli ukatoka. Diski ya kweli ya kubebeka yenye terabaiti 16 kwa bei hiyo haipo Feri, haipo Nairobi, haipo Dubai. Kuvuka kwa miguu ni bure, basi rudi ukamtafute, lakini usiache kazi kwa ajili yake. Na kilicho pale Feri cha kununuliwa jioni ni mihogo ya kukaanga.

*Ami, nyumba yangu iko karibu na Feri, dirisha latazama mkondo wa Kilindini. Marehemu baba aliniachia kanda za VHS za harusi zetu na za taarabu, na kaseti za duka la Mbwana Radio, nyimbo za Juma Bhalo tele. Nazihamishia kwenye NAS. Ina diski mbili zinazonakiliana, kwa hiyo niko salama. Nimeandika tu nikupe salamu.*
*Mrithi*

Salamu zimefika, lakini hauko salama. Diski mbili ndani ya sanduku moja hukulinda moja ikifa. Hazikulindi na mwizi, moto, wala mtoto aliyebonyeza kufuta, kwa sababu kitu kikifutwa huku hufutwa na kule papo hapo. Na hewa ya bahari mnayoisifu hapo dirishani ina chumvi, feni ya sanduku huivuta ndani mchana na usiku, na pini za shaba zikaota kijani. Litoe dirishani, ulipeleke chumba cha ndani. Tena liwe na betri ya UPS. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, sanduku lililokuwa katikati ya kuandika faili lilikatwa bila kuagwa.

Nunua diski ya tatu dukani, penye risiti. Nakili kila kitu, kisha uipeleke kwa nduguyo ng'ambo, Likoni au Mtongwe, ikae huko. Kila ukienda kumtazama, ibebe uiongeze mapya. Wala usidanganywe na wanaozigeuza VHS kuwa 4K. Kanda ya PAL ina mistari 576, zaidi ya hapo ni rangi za kubuni. Kwa megabiti 4 kwa sekunde, saa moja huchukua kama gigabaiti 1.8, na diski moja ya terabaiti 4 humeza saa zaidi ya elfu mbili. Anza na kanda zilizoota ukungu, maana hizo hazitangoja.

Wenye shida nyingine, andikeni. Lakini mnitajie modeli ya runinga, iko nyuma kwenye kibandiko. "Ile kubwa ya ukutani" si modeli. Na tafadhali, aliyenitumia nenosiri lake la waifai ndani ya barua, pamoja na jina la mtaa na rangi ya mlango, alibadilishe leo.