Tarakimu Ishirini za Heshima

Kwa wakala wa kusajili laini za simu, katani Marui, wilayani Kisarawe, mama mmoja anasoma namba ya NIDA kutoka kwenye karatasi iliyochakaa mikunjo. Moja, tisa, saba, nane, sifuri, nne. Kijana anabonyeza. Katikati ya safari wanapotezana.

“Mama, hizo sifuri ziko tatu au nne?”

“Nne, mwanangu. Ngoja kwanza. Tatu.”

Wanaanza upya. Kwa adha kama hiyo namba hii hulaaniwa kuanzia sokoni hadi benki, na hakuna anayesimama kuitetea. Basi leo isimamiwe.

Kwanza, ukoo wake unajulikana. Imezaliwa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), iliyoundwa mwaka 2008. Tarakimu nane za mbele ni tarehe ya kuzaliwa, tano zinazofuata ni msimbo wa posta, tano nyingine humtenga mtu na wenzake, na mbili hufunga msafara. Pili, imeposwa kuliko mwali yeyote wa Pwani. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza tarehe 1 Mei 2019, na siku ya mwisho ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, watu walidamka alfajiri kuipangia foleni. Wengi waliipata namba kabla ya kadi yenyewe: bibi harusi akatangulia, vyombo vikafuata baadaye.

Mpinzani wake ni jina, tena lina mashabiki. Lakini Uzaramoni jina ni mali ya ukoo. Mjukuu hubeba la babu, na kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Ramadhani Shabani watatu bila ugomvi wowote. Majirani wana dawa yao: huyu Ramadhani Fundi, yule Ramadhani Mrefu, na yule mwingine Ramadhani wa Mwembeni. Kompyuta haijawahi kumwona Ramadhani Mrefu. Kibaya zaidi, zahanati imemwandika Ramadhan, shule Ramadhani, na chama cha ushirika Ramazani. Kwa programu hao ni wanaume watatu, kila mmoja na theluthi ya maisha.

Wapo wanaodai kwamba namba ya mstari kwenye Exeli inatosha. Chukua karani wa mradi wa maji. Amewaorodhesha wanachama wake vizuri, jina huku, deni kule. Jioni moja anapata hamu ya usafi, anayapanga majina kwa alfabeti na kuisahau safu ya madeni. Asubuhi Abdallah, aliyelipa hadi senti ya mwisho, anaamka na deni la Zuhura. Zuhura naye anashukuru Mungu na kunyamaza. Laiti kila deni lingefungwa kwenye namba ya mtu badala ya kukaa jirani na jina lake, programu ingewarudisha wote makwao kabla ya chai.

Namba ya NIDA ina binamu, namba inayotungwa na programu yenyewe, mwenye sura mbaya kuliko yeye: alama 36 ukihesabu na vistari, tarakimu zimechanganywa na herufi kuanzia a hadi f. Anapotengenezwa kwa kubahatisha, hasemi umri wala kwao. Faida yake huonekana mtandao unapokata. Karani mmoja akisajili kaya Marui na mwenzake Maneromango, kila kishikwambi hujitungia namba zake bila kumuuliza mwingine, na uwezekano wa kugongana ni mdogo hata hauhesabiki. Ila hakuna mama atakayemsomea wakala.

Dosari ya namba ya NIDA, ikiwa lazima itajwe, ni porojo. Mtu akihama Marui kwenda Gongo la Mboto, namba inaendelea kutangaza 61, msimbo wa Pwani, kama shangazi asiyekubali kwamba mtoto kawa wa Dar es Salaam. Na mzee ambaye tarehe yake ilikadiriwa mezani, makadirio ya dakika moja yamekuwa tarakimu nane za maisha. Wataalamu wa kanzidata hukunja uso, maana kwao namba njema ni ile isiyosema kitu, kwa kuwa kisemwacho huweza kubadilika au kuwa kosa. Mtetezi atajibu kwamba angalau ya NIDA inakumbuka kwao.

Kule kwa wakala, mara ya tatu tarakimu zote ishirini zimepita. Mama anaweka kidole, kimesuguliwa na jembe, kinakataa. Anakipangusa kwenye kanga, kinakubali. Kijana anamgeuzia simu ahakiki. Jina limepungua herufi moja.

“Ndiye mimi huyo huyo,” anasema. Anakunja karatasi yake na kuifunga pindoni mwa kanga, pamoja na noti ya elfu mbili.