Mtaa Uliohamia Samburu

Katika mambo yote ambayo mwanadamu hujitwika kwa hiari yake, bila ya kushurutishwa na serikali, na dini, wala na mkewe, sijui kama liko lililo zito kuliko kutengeneza mandhari ya mchezo wa kale wa ndege za vita. Nasema wa kale kwa hisabu ya kompyuta, ambayo kwayo kitu kilichozaliwa miaka ishirini na mitano iliyopita huhesabiwa kuwa ni cha zama za Nabii Nuhu, na mafundi wa Luthuli Avenue humrudishia mwenyewe bila ya hata kukifungua. Jina la kampuni iliyoutunga mchezo huu nalihifadhi, kwa kuwa si adabu kumsema mtu barazani naye hayupo kujitetea, na hasa kwa kuwa wanasheria wake ni wengi kuliko watu wa mtaa wetu.

Mchezo wenyewe humweka mchezaji katika Vita vya Pili vya Dunia, juu ya visiwa vya Pasifiki, ambako Wamarekani na Wajapani hupigana tangu alfajiri hadi stima zipotee. Dunia yote imo ndani yake, lakini nje ya visiwa hivyo dunia imewekwa kwa ubahili usiofichika: rangi ya majani huku, rangi ya udongo kule, na mlima mmoja mmoja kwa ajili ya heshima. Mpwa wangu, ambaye anakaa nami hapa Mbotela akisubiri kazi, aliirusha ndege hadi Nairobi kwa shauku ya kuliona paa letu, asione Jogoo Road, wala Makadara, wala Kaloleni, ila nyika iliyo safi, pana, isiyo na hata matatu moja. Na mama wa mandazi, aliyekuwa amekuja kudai deni lake, alipoitazama picha ile akasema kwamba yeye haoni ilipoharibika.

Kadhia ingeishia hapo lau kijana asingeifikisha habari kwa Mzee wa Reli, jirani yetu aliyestaafu kazi ya treni lakini hakustaafu kuamrisha. Mzee huyu alikuwa mtoto wa shule mwaka 1953, na anakumbuka, kwa namna isiyomruhusu mtu mwingine yeyote kukumbuka vinginevyo, jinsi ndege za Lincoln za jeshi la anga la Mwingereza, zenye injini nne kila moja, zilivyowasili katika kiwanja cha Eastleigh mwezi wa Novemba mwaka huo, na jinsi zilivyokuwa zikiondoka zimesheheni mabomu ya kwenda kuangushwa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kutoka Mbotela hadi kiwanja hicho, ambacho leo ni kambi ya jeshi la anga, hata kilomita nne hazitimii, na ndicho kilichokuwa kikipokea wasafiri wa Nairobi hadi Embakasi ilipofunguliwa mwaka 1958. Tena jina la mtaa wetu na hao watu wa ndege wamepata kukutana kwa shari: mtaa unaitwa kwa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa mwezi wa Novemba mwaka 1952, na miaka thelathini baadaye, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walimtoa kitandani mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wakamlazimisha kuitangazia nchi kwamba serikali imepinduliwa. Kwa hiyo Mzee alipoambiwa kwamba upo mchezo wa ndege za vita ambao ndani yake Eastleigh ni nyasi na Mbotela ni hewa, alichukulia kuwa ni dharau.

"Kijana," akamwambia mpwa wangu, "vita gani hivyo vya ndege ambavyo sisi hatumo?"

Basi tukaingia katika kazi. Ili mtaa uingie mchezoni, mhariri huiandikia programu ya mandhari longitudo na latitudo ya kila jengo, kimo cha ardhi, na upande ambako mlango unaelekea. Programu huyageuza maandishi hayo kuwa faili ambayo mchezo waweza kuisoma. Kisha folda yenye faili hiyo huandikwa katika daftari la mandhari, nalo ni orodha ya matabaka ya dunia, kila tabaka lina nambari yake, na lenye nambari kubwa hulifunika lenye nambari ndogo. Ukiitia Mbotela chini ya nyika, nyika itailalia na hutaiona abadan. Sisi tuliitia juu ya kila kitu, juu hata ya Tokyo, tukahifadhi daftari, tukawasha mchezo, tukaruka hadi Nairobi, na tukaikuta ile ile nyika ya mama wa mandazi.

Tulipolifungua daftari, Mbotela ilikuwamo, imeandikwa kwa herufi safi. Tulipouwasha mchezo, Mbotela haikuwamo. Kompyuta ilizimwa ikawashwa, mchezo uliondolewa ukarudishwa, akaitwa fundi, naye akaipulizia vumbi, akapokea ujira wake, akasema mashine ni nzima kabisa, jambo ambalo lilikuwa kweli na halikutufaa kitu. Sababu tulikuja kuijua baadaye, nayo ni ya ajabu. Mifumo ya kompyuta ya siku hizi haikubali programu ya zamani iandike ndani ya folda kuu ya programu, kwa kuchelea wezi na virusi. Lakini badala ya kukataa kwa kinywa kipana, huyapokea maandishi yako kwa upole, huyaficha katika folda nyingine usiyoijua, na kila programu ile ikiomba kuliona daftari, huonyeshwa nakala iliyofichwa, ilhali mchezo, kwa kuwa umewashwa kwa mamlaka yote ya mwenye mashine, hulisoma daftari la asili ambalo halijaguswa na mtu. Nimefanya kazi ya ofisi miaka mingi, na nilimfahamu karani wa masjala aliyekuwa akiipokea barua yako, akaipiga mhuri, akaitia katika jalada lisilo lake, na kila ukimwendea akakuhakikishia, bila ya kusema uongo hata kidogo, kwamba barua imepokelewa. Sikudhani kwamba nikistaafu nitakutana naye tena ndani ya sanduku la bati. Dawa yake ilikuwa ni kuuhamisha mchezo kutoka folda ile yenye ulinzi na kuuweka peke yake, mwanzoni mwa diski, mahali ambapo hapana karani.

Tukaruka tena. Nairobi nyika.

Lakini mara hii mpwa wangu, ambaye ana subira ya watu wasio na kazi, aliendelea kuruka kuelekea magharibi, akavuka Bonde la Ufa, na huko Umaasaini, upande wa Narok, akaikuta Mbotela, nyumba zote zimesimama kwa safu zake kati ya malisho. Programu yetu ilitungwa na mpenzi mmoja wa ndege wa Ulaya bara, ambako sehemu za desimali hutengwa kwa mkato wala si kwa nukta kama tulivyorithishwa sisi na Mwingereza. Nasi tulipoandika 1.29 kusini, kwa alama ya kutoa mbele yake, na 36.86 mashariki, ilipofika kwenye nukta ilidhani sentensi imekwisha, ikatupa kilichobaki, na ikautua mtaa mzima pale digrii ya kwanza ya kusini ikutanapo na ya thelathini na sita ya mashariki, kilomita mia moja hivi kutoka nyumbani. Mama wa mandazi akauliza kama huko nako kodi inalipwa kwa kaunti ya Nairobi.

Mpwa wangu, kwa wepesi wa vijana, aliingia katika mipangilio ya kompyuta, akaiamuru ihesabu kama Wazungu wa bara, mkato mahali pa nukta na nukta mahali pa mkato, na hakumwambia mtu. Programu ilifurahi. Asiyefurahi ni mke wangu, ambaye ni mweka hazina wa chama cha akina mama wa mtaa, na hesabu zake huziweka katika kompyuta hiyo hiyo. Kwani jioni ile aliingiza michango ya wanachama, kila mmoja shilingi 1,500, kama alivyozoea kuiandika, na kompyuta, ikitii amri mpya, ikasoma kwamba kila mama ametoa shilingi moja na senti hamsini. Chama kizima kilikuwa sebuleni, chai imekwisha mezwa, mwenyekiti ametangaza zamu ya kupokea ni ya nani, na mweka hazina anawasomea kwamba jumla ya mfuko haitoshi kununua hata njugu. Pakawa na kimya, kisha pakawa na maneno. Mimi nilikuwa chumbani na Mzee wa Reli tukiitazama ramani, nikamsikia mke wangu akitamka jina langu kamili, la ubatizo na la ukoo, jambo ambalo hulifanya mahakamani tu na katika hali kama ile. Nikatoka, nikaeleza habari za Ulaya bara, na za desimali, na za digrii, mbele ya akina mama waliovaa mitandio yao na kunikodolea macho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyofanana na mtu aliyekula pesa. Tangu hapo ikakubaliwa, kwa amri, kwamba mkato utatumika mchana kwa ajili ya vita, na nukta usiku kwa ajili ya chama.

Hayo yalipopoa tukaruka tena, na Mbotela ikawa imeondoka Narok. Haikuwa imekuja Nairobi. Tulipoziandika nambari upya kwa mkato tulitia herufi ya kusini mahali pa ile alama ya kutoa ya mwanzo, na programu, ambayo haiitambui herufi hiyo, ilihukumu kwamba sisi ni watu wa kaskazini ya ikweta, ikatupeleka kule kule katika longitudo yetu lakini upande wa pili wa mstari, nchi ya Wasamburu, si mbali na Maralal, kilomita zipatazo 285 kutoka Jogoo Road. Huko ndiko yanakofanyika yale mashindano ya ngamia. Kijana alianza kuomba radhi, lakini Mzee wa Reli, kinyume na nilivyotazamia, alifurahi. Alisema kwamba Kenyatta naye aliwekwa Maralal mwaka 1961, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha rudi nyumbani, basi na sisi tutarudi.

Na kweli tulirudi, ingawa hatukufika chini. Alama ya kutoa ilitufikisha Nairobi barabara, lakini kimo tuliandika kwa futi, kama kilivyoandikwa katika vitabu vya marubani, zaidi ya futi 5,300; na programu, ikiwa ya Ulaya bara kwa dhati yake, ikazihesabu kuwa ni mita. Kilele cha Batian ni mita 5,199. Mpwa wangu alilazimika kupanda mpaka injini ikaanza kukohoa ndipo akaviona juu yake vyoo vya mtaa wetu, vinaelea.

Habari za picha za kuta sitazirefusha. Mchezo hukubali picha za pembe nne sawa, za nukta 256 kwa 256, na rangi zisizozidi 256. Picha tulizopiga kwa simu zilipobanwa humo, kuta zetu zilitoka zambarau, na hapana aliyelalamika, kwa kuwa zilionekana kupakwa rangi karibuni.

Lililoleta mjadala ni miti. Ghala la vitu vya mchezo lina vitu vya Pasifiki tu, yaani vibanda vya makuti, mapipa ya mafuta, mizinga, na minazi. Tukitaka mti, hatuna ila mnazi. Wengine walisema mnazi Eastlands ni uzushi. Mimi nilitetea, kwamba ukoo wa Mbotela asili yake ni Frere Town, Mombasa, ambako James Mbotela, mwenye kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934, alizaliwa na wazazi wa jamii ya watumwa walioachwa huru. Mtaa wenye jina hilo ukiota minazi umerudi kwao. Hoja ikapita, wakaniongezea na kibanda cha makuti, kikawa ndicho duka.

Sasa mtaa ulikuwa mahali pake, juu ya ardhi yake, na habari zikaenea. Mzee wa Reli akataka stesheni ya Makadara na reli yake. Wakaja wazee wa Maringo, wakasema Ofafa, ambaye mtaa wao nao una jina lake, naye aliuawa kama Mbotela, iweje mtaa wake uachwe? Wakaja wa Jericho, wakaja wa Hamza, akaja mtu mmoja wa Buru Buru na picha za geti lake. Vyote tulivitia, na siku tulipotia Soko la Burma, nusu ya nyumba za Mbotela zikatoweka. Kwani mchezo ule una kiasi cha vitu unavyoweza kuvichora kwa mara moja, na ukivipita huacha kuchora vingine bila ya kukushauri. Kitu lazima kitoke.

Baraza lilikaa nyumbani kwangu, na kila mzee alithibitisha kwa ushahidi kwamba mtaa wake ndio nguzo ya Nairobi, mpaka Mzee wa Reli aliposimama na kutukumbusha kwamba mandhari yetu ni ya mwaka 1953, ilhali Buru Buru ilijengwa miaka ya 1970. Mtu mmoja alitaka kuuliza kama mwaka huo Mbotela yenyewe ilikuwa imekwisha jengwa, akaambiwa aketi. Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba Buru Buru iondolewe. Mpwa wangu akaifuta kwa kidole kimoja, nyumba zetu zote zikarudi pamoja na minazi yake, na yule bwana wa geti, ambaye siku hiyo alikuwa na udhuru, hadi leo ananiuliza tukikutana kituoni kama rangi ya geti lake imetoka vizuri.