Mtani, Umefungua Duka? Mambo Kumi Niliyoifanyia Pikipiki Mpya, Kuanzia la Kipuuzi

Pikipiki ilitoka dukani na kilomita nne kwenye mita na nailoni juu ya kiti. Nilikaa nayo siku tatu bila kuigusa kwa spana, na hiyo ndiyo rekodi yangu ya subira. Siku ya nne nilikuwa gereji.

Kampuni iliyoiunda siitaji. Nikiitaja, nusu yenu mtasema nimeionea, na nusu mtasema mlinionya. Itoshe kusema ni ya daraja la kati, silinda moja, ya lami na vumbi. Ukoo wake unaanzia kwa Honda CRF300L, yenye cc 286 na kilo 142, unapanda hadi Royal Enfield Himalayan mpya, yenye cc 452 na kilo 196. Yangu imejibanza katikati: karibu cc 400, kilo 160, tangi la lita 12.

Uwanja wa majaribio ni njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero kupitia Engaruka, chini ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Ina kokoto, makorongo makavu, mikunjo kama ya bati, na vumbi la majivu laini kama unga wa sembe. Hakimu ni fundi wangu wa Arusha. Yeye Mpare, mimi Mchaga, kwa hiyo ni mtani wangu, na matusi yake yote nayapokea kama ushauri wa kitaalamu.

Tuhesabu kutoka chini.

10. Stika

Ramani ya Afrika kwenye tangi, mlima ubavuni, na maneno ya Kiingereza ya kutangaza kwamba mimi ni msafiri wa nchi kavu. Siku hizo safari yangu ndefu kuliko zote na pikipiki hiyo ilikuwa Sakina hadi Njiro.

Uzito: sifuri. Faida: sifuri. Fundi: "Hii angalau haivunji mguu."

9. Bomba la moshi la kelele

Nilidanganywa na sikio. Bomba jipya lilikuwa jepesi kuliko la kiwandani kwa kilo mbili na nusu, nikajiambia nanunua wepesi. Nilichonunua ni kelele. Kompyuta ya injini ilipangwa kwa bomba la mwanzo; ukilibadili bila kuipanga upya, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na mafuta kidogo, na ukiachia resi pikipiki inapiga chafya: pa, pa-pa-pa.

Karibu na Engaruka chafya hiyo ilitawanya kundi zima la mbuzi. Mwenye mbuzi hakusema neno. Aliegemea fimbo yake akanitazama mpaka nikazima injini, nikashuka, nikamsaidia kuwakusanya. Robo saa. Mbuzi mmoja hadi leo nadhani hajanisamehe.

Bomba la kiwandani lilirudi mahali pake. Fundi: "Nguvu za farasi hazikuongezeka, ila farasi wamekusikia."

8. Masanduku ya alumini

Hapa nawalaumu wazungu wawili, Ewan McGregor na Charley Boorman. Mwaka 2007 walitoka Scotland hadi Cape Town kwa BMW kubwa zenye masanduku ubavuni, wakapita Kenya na Tanzania, na tangu hapo kila mwenye pikipiki ya magurudumu marefu anaamini bila masanduku hajasafiri. Tunachosahau ni kwamba nyuma yao kulikuwa na magari ya msaada.

Yangu, pamoja na fremu zake, yalikuwa kilo 17 yakiwa matupu. Upana wa pikipiki ukazidi mlango wa uani. Halafu nikaingia kwenye majivu, tairi la mbele likazama, nikalala chini taratibu kama ngamia anayepiga magoti. Sanduku la kushoto lilitua nusu shubiri kutoka kwenye kisigino changu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa njia za vumbi wanapenda mifuko laini: mfuko ukikuangukia unakubonyeza, sanduku linakukata.

Kijana mchungaji alikuja akinikimbilia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akayazunguka masanduku mara mbili. "Unauza nini?"

"Siuzi kitu."

"Sasa duka la nini?"

Tuliinyanyua pamoja. Njia nzima ya kurudi sikupata jibu la swali lake. Sanduku moja sasa linatagiwa na kuku, na hilo jingine bado natafuta mteja mwenye imani. Badala yake nina mifuko miwili ya turubai, kilo mbili, ambayo hubaki nyumbani nisipolala njiani.

7. Taa za ziada

Taa nne, za nguvu, zilizonifanya nionekane kama lori la mkaa. Tatizo ni kwamba alteneta ya pikipiki ya silinda moja haikupangiwa kulisha kijiji. Kwenye foleni, injini ikiwa inanguruma taratibu, taa zinakula kuliko kinachozalishwa, na betri ndiyo inayolipa deni. Yangu ilikata roho Makuyuni. Vijana wa bodaboda wa kijiweni walinisukuma, na kila mmoja alikuwa na taa moja tu, inayowaka.

Nimebaki na mbili ndogo za LED zenye rilei na swichi yake. Fundi: "Njia ile usiku ina tembo. Ukiwa na taa nne watakuona vizuri. Dawa ya giza ni kulala."

6. Kiti

Viti vya pikipiki hizi vimeundwa na mtu anayesafiri amesimama. Changu kina upana wa ubao wa kukatia nyama, na ugumu wake pia. Baada ya dakika hamsini nilikuwa nakaa kwa zamu, upande huu, upande ule, kama mtu aliye kwenye benchi la hospitali.

Sikuagiza kiti ng'ambo. Nilikwenda kwa fundi viti wa magari, akavua ngozi, akapanua mabega ya kiti kwa sponji ngumu na kuweka sponji laini juu yake. Siri ni hiyo: upana ndio unaogawa uzito wa mwili. Sponji laini peke yake huzama siku ya kwanza, na siku ya pili uko juu ya ubao uleule. Kosa letu moja: kiti kilipanda sentimita mbili, nami si mrefu. Kwenye taa za barabarani sasa nasimama kwa kidole gumba.

5. Vikanyagio vipana na usukani ulioinuliwa

Kwenye mikunjo ya bati huendeshi umekaa. Unasimama, magoti yanabana tangi, na pikipiki inacheza chini yako. Vikanyagio vya kiwandani ni vyembamba, vimevalishwa mpira, na vikishika tope ni sabuni. Vipana vyenye meno ni vya bei ndogo, na faida unaisikia mita ya kwanza.

Usukani niliuinua milimita 25 kwa vipande vya alumini ili nisimame bila kupinda mgongo. Nilivifunga mwenyewe, kwa fahari. Asubuhi yake nikikata kona yote kulia, resi ikapanda yenyewe: kebo ilikuwa imevutika. Pikipiki ikaniruka kuelekea genge la nyanya. Fundi aliipitisha kebo njia nyingine kwa dakika kumi na kunicheka kwa wiki mbili.

Funzo: ukigusa usukani, pindisha kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, injini ikiwa inawaka, kabla hujatoka getini.

4. Sahani ya chini na kinga za mikono

Kwenye korongo mawe hayarushwi na adui, yanarushwa na tairi lako la mbele, na yanalenga sampo. Sahani ya alumini, kilo tatu, ilipata kovu lake la kwanza safari ya kwanza. Kovu hilo lingekuwa tundu, na tundu lingekuwa mafuta ya injini yanayonyweshwa mchanga wa Engaruka.

Kinga za mikono ziwe zenye mhimili wa chuma ndani. Za plastiki tupu huzuia upepo tu. Pikipiki ikilala, mkono wa klachi unavunjika na huna gia ya kurudia nyumbani. Ila reli za chuma za kuzunguka injini, kilo saba, nilizivua. Zililinda plastiki ambayo bei yake ilikuwa ndogo kuliko reli.

Fundi: "Umenunua ngao. Sasa jifunze kutoanguka."

3. Jino moja

Hii ndiyo kazi ya bei ndogo iliyobadilisha tabia ya pikipiki nzima. Sproketi ya mbele ilikuwa na meno 14, ya nyuma 40. Tukaweka 13 mbele. Jino moja la mbele ni sawa na kuongeza karibu matatu nyuma, na gia zote hushuka kwa kiasi cha asilimia nane. Gia ya kwanza, iliyokuwa inakimbia kwenye mchanga na kunilazimisha kunyonga klachi, sasa inatembea mwendo wa mzee anayetoka msikitini.

Gharama? Kwenye lami, kilomita 80 kwa saa, injini iliyokuwa mizunguko 5,000 sasa ni karibu 5,400. Lita moja iliyokuwa inanifikisha kilomita 28 sasa inanifikisha 26, hivyo tangi limenipokonya kilomita 24. Halafu spidi mita ya pikipiki yangu husoma kwenye gia boksi, kwa hiyo nikiwa 50 inaniambia 54. Sijawahi kuwa raia mwema kiasi hiki mbele ya trafiki.

2. Upepo

Matairi ya kiwandani ni ya lami yaliyovaa nguo za porini. Niliyabadili kwa yenye vizibo vikubwa, na nikaona tofauti. Lakini tofauti kubwa zaidi niliipata kwa kitu kisichouzwa.

Kwenye barabara ya lami nilikuwa na upepo wa PSI 32 nyuma. Nikauingiza uleule kwenye majivu, na tairi likawa kama chupa juu ya sakafu ya mafuta. Kijana yuleyule mchungaji angeweza kuniambia, maana kwato za mnyama hutanuka zikikanyaga ardhi laini. Nilishusha hadi 20. Tairi likalala, likapata eneo la kushika, na pikipiki ambayo saa moja kabla ilikuwa inanitisha ikaanza kunitii.

Usishushe ukapitiliza: matairi ya tyubu yakiwa laini mno huzunguka juu ya rimu na kung'oa valvu, na jiwe likigonga linabana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili kama ya meno ya nyoka. Ukirudi kwenye lami, jaza. Vifaa: kipima upepo na pampu ya mkono. Vyote viwili vinaingia pale zilipokuwa swichi za taa zangu nne.

1. Springi

Na sasa jambo ambalo halionekani, halilii, halibandikwi, na ndilo nililopaswa kuanza nalo.

Pikipiki ilikuwa inayumba mbele kwenye mchanga, na usiku taa yake ilikuwa inamulika kunguru juu ya miti. Nililaumu tairi, nikalaumu barabara. Fundi alichukua tepu ya kupimia. Alilinyanyua gurudumu la nyuma likaning'inia, akapima kutoka ekseli hadi alama ya kalamu kwenye kava: milimita 600. Kisha nikapanda nikiwa na helmeti, buti na jaketi, kijana wa gereji ameshika usukani, fundi amepiga magoti kama anasali. Na masanduku yakiwepo: 482. Nilikuwa nimezamisha milimita 118 kati ya safari nzima ya 240. Nusu ya shokapu imeliwa kabla sijakutana na shimo hata moja.

Kinachotakiwa ni karibu theluthi, yaani 80.

Tukavua masanduku na reli: 104. Tukakaza springi ya zamani: 94, lakini nikishuka pikipiki ilisimama juu kama mbuzi kwenye kichuguu, ikizama milimita nane tu kwa uzito wake yenyewe. Hiyo ndiyo alama ya springi laini kuliko mzigo: ukiikaza kumtosha mwenye nyumba, nyumba yenyewe inainuka. Dawa ni springi ngumu zaidi, nyuma na mbele. Tulipofunga mpya, tepu ikasema 80 nikiwa juu, na 30 nikiwa chini.

Njia ya Lengai ikawa njia nyingine. Tairi la mbele likapata uzito wake, usukani ukaacha kubishana, taa ikarudi barabarani na kunguru wakalala.

Hesabu ya mwisho

Ilipofika kwenye kilele cha ujinga wangu, pikipiki ilikuwa na kilo 31 zaidi ya siku iliyotoka dukani. Nilikuwa nimembeba mwanafunzi wa darasa la nne asiyeshuka. Leo zimebaki saba: sahani, kinga, taa mbili, sponji. Nusu ya vitu nilivyonunua vilikuwa vinatibu ugonjwa ulioletwa na nusu nyingine.

Hukumu yangu kwa pikipiki yenyewe: injini tamu, kiti cha adhabu, springi za mtu mwembamba. Ukinunua yako, iendeshe kilomita elfu moja ikiwa kama ilivyotoka, kisha anza na tepu ya kupimia, halafu upepo, halafu jino.

Fundi alipomaliza kufunga springi alifuta mikono, akanitazama kuanzia buti hadi kitambi.

"Mtani, nimekuwekea springi ya kilo 94. Ukifika mia, usije gereji. Nenda kwa daktari."