Mpagazi wa Ghorofa ya Tano

Nyumba ya kwanza niliyoonyeshwa Kariakoo ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mbuzi: NYUMBA HII HAIUZWI. Dalali alipoona naanza kusoma, akaenda kuegemea ukuta ili ayafunike maandishi kwa mgongo wake. Bahati mbaya alikuwa mwembamba. Aliweza kufunika herufi tatu tu, nami nikabaki nasoma NYUMBA HII UZWI.

"Hayo ya zamani, bosi," alisema. "Ndugu walikuwa wanataniana."

Mkazi yeyote wa Dar es Salaam anayajua maandishi hayo. Huandikwa na mtoto wa mke mkubwa akimkomoa mtoto wa mke mdogo, au na shangazi aliyeachiwa chumba cha uani kwa mdomo tu, au na familia nzima baada ya kusikia kuna kijana kapokea malipo ya awali kwa wanunuzi watatu. Hati miliki huweza kughushiwa. Ukuta sijasikia.

Nikamlipa elfu ishirini yake ya kunizungusha, tukaenda kuona nyingine.

Wenzangu kazini walikuwa wamekwisha kununua viwanja Chanika, Bunju na Kibaha. Wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya kuja mjini, wanarudi saa tatu usiku, watoto wao wanawaona Jumapili kama padri. Mimi nikasema nitanunua pale foleni inapoishia. Hela ambayo Kibaha ingenipa kiwanja kikubwa na minazi juu yake, Kariakoo ilinipa vyumba viwili, kimoja masta, sebule, na jiko ambalo ukitaka kugeuka lazima kwanza uvute tumbo ndani. Ghorofa ya tano, hatua chache kutoka Mtaa wa Nyamwezi. Dalali aliposikia mimi ni wa Tabora, aliapa kwamba mtaa huo ulipewa jina ili unisubiri.

Mambo ya karatasi yalikwenda vizuri, kwa hiyo hayana simulizi. Wakili alifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, akakuta kila kitu kimefuata ile sheria ya mwaka 2008 inayomruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, nami nikapata hati ya sehemu yangu pamoja na fungu katika vitu vya wote: ngazi, paa na lifti. Fungu langu la lifti sijalitumia hata siku moja. Lifti yenyewe ipo chini, mlango wazi, na ndani yake kuna kijana anauza chaja za simu.

Kosa langu lilikuwa la siku. Nilikwenda kutazama nyumba Jumapili, saa kumi jioni. Maduka mengi yamefungwa, paka kalala katikati ya barabara, upepo unasukuma mifuko mitupu taratibu. Nikasimama dirishani nikasema, "Kumbe huku kumetulia hivi!" Dalali akaangalia pembeni, akasema utulivu ndio uliompandishia mwenyewe bei.

Jumatatu saa moja kasoro asubuhi, chini ya dirisha hilohilo, spika ikafunguka: "Jero jero jero! Chagua toa jero! Jero jero jero!" Ni sauti ya dada mmoja iliyorekodiwa, hachoki, haendi chooni, haendi likizo. Mahali fulani katikati anakohoa kidogo, kisha anaendelea. Kikohozi hicho nakisikia kila baada ya nusu dakika tangu nihamie. Mwanangu wa miaka mitatu alipoanza kuzungumza sentensi nzima, alisema "chagua toa jero," akakohoa palepale panapotakiwa. Februari 2025 serikali ilipozindua biashara ya saa 24 Kariakoo, wafanyabiashara walishangilia. Mimi nilishuka kutafuta vizibo vya masikio. Nilivipata kwa yuleyule dada, jero.

Jengo letu limesimama juu ya nyumba ya jirani tunayemwita Bibi. Hapo zamani ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zile za Kariakoo ya wazee: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, ua nyuma. Mume wake alipofariki, watoto wakaingia ubia na mwekezaji. Wao wakatoa kiwanja, yeye akatoa hela, nyumba ikavunjwa, likapanda ghorofa, wakagawana sakafu kama watu wanavyogawana keki. Bibi akapata upande mmoja wa ghorofa ya nne, na nyumba yangu mimi ni moja ya zile za fungu la mwekezaji.

Lakini Bibi hakuhama ile nyumba yake, aliipandisha tu juu. Kibaraza cha ngazi ghorofa ya nne ndiyo baraza yake: mkeka, jiko la mkaa, birika la kahawa, redio. Korido anaiita ukumbi. Paa analiita uani, na huko ndiko anakofuga kuku wanne ambao hawajawahi kukanyaga ardhi. Sisi tunaokaa juu yake anatuita watu wa darini. Kwa kuwa lifti inauza chaja, hakuna anayepanda wala kushuka bila kupita mbele ya mkeka huo, na hakuna mfuko unaopita bila kuulizwa una nini. Hata umeme wangu una alama yake. Mita yangu haijabadilishwa jina, kwa hiyo kila nikinunua Luku, jina linalotokea ni la marehemu mume wake. Kodi ya jengo nayo hukatwa humohumo tangu 2021. Nimeshamlipia marehemu miaka kadhaa, na Bibi anasema huko aliko ananiombea.

Siku ya kwanza nilipomwamkia, "Shikamoo, Bibi," aliitikia marahaba kisha akauliza kabila. Yeye ni Mzaramo. Nilipotaja kabila langu alipiga kofi pajani.

"Mtani! Babu zako walikuwa wanakuja pwani na mizigo, wanaitua, wanarudi kwao. Wewe umekuja na mzigo wako unataka kubaki?"

Akanieleza, kana kwamba sijui, kwamba hata jina la mahali hapa ni la wapagazi: Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaweka hapa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha watu wa kubeba mizigo ya vita, na ulimi wa pwani ukalitengeneza jina likawa Kariakoo. "Umefika kwenu," akasema, akanimiminia kahawa. Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Majirani wangu wa karibu si watu. Nyumba nyingi za majengo haya ya Kariakoo zimegeuzwa stoo, kwa hiyo kushoto kwangu yanaishi mashuka ya Uturuki, kulia yanaishi maua ya plastiki. Ni majirani wema, hawapigi muziki, ila hawahudhurii vikao. Kikao cha wamiliki kuhusu lifti kimeitishwa mara tatu. Tulihudhuria mimi, Bibi, na kijana wa chaja, ambaye alikuja kupinga. Watu wenyewe tunajuana wote. Kuna mzee wa Kigujarati ghorofa ya pili, fundi wa saa, anayesema Kiswahili cha pwani kilichonyooka kuliko changu. Kuna mama wa Lubumbashi mlango wa tatu, anayenunua vitenge na kuvisafirisha hadi kwao kwa malori yanayopita Tunduma. Na yuko Mchina mwenye stoo ghorofa ya nne, mkabala na Bibi. Jina lake lilitushinda wote, naye akakubali kuitwa Shemeji.

Siku ya mkasa nilirudi kazini saa kumi na moja nikasukuma mlango ukafunguka robo tu. Nikapenya ubavu ubavu. Sebule haikuwapo. Palikuwa na katoni kutoka sakafuni hadi feni, na sauti ya mke wangu ikitokea nyuma yake: "Karibu, baba. Pitia jikoni." Binti anayetusaidia kazi, aliyekuwa na siku nne tu mjini, alieleza kwamba vijana wa mizigo walifika na karatasi iliyoandikwa ghorofa ya tano, mlango wa kushoto, wakauliza, "Hapa ni tano?" Naye, kwa kuwa kwao wamemfundisha kusema kweli, akasema ndiyo.

Katoni arobaini na moja za chupa za chai. Alizihesabu.

Nilishuka na ile karatasi hadi kwa Bibi, Bibi akamwita Shemeji, Shemeji akaitazama akafurahi. "Yangu hii! Ghorofa ya tano!" Nikamwambia wewe uko ya nne. Akakataa kabisa. Akashika vidole: duka la chini moja, juu yake mbili, tatu, nne, hapa tano. Kwao China sakafu ya chini ndiyo namba moja. Nikamwambia huku chini ni chini, haina namba. Mama wa Lubumbashi akatoa shingo ngazini: "Aa papa, bintu mingi!" Mzee wa Kigujarati alipandishwa kuamua, akapumua kwanza, akasema kila mmoja ana haki kwao. Bibi akafunga mjadala: nyumba inaanzia alipo yeye, kila kilicho chini ni barabarani, na mimi niteremshe mizigo ya watu kutoka darini.

Wale vijana wa mizigo walikuwa bado wapo, wanakunywa maji ya kandoro. Walitaka elfu moja kwa kila katoni.

"Ngazi kumi na nane tu!" nikalia.

"Mjomba, bei siyo ya umbali," alijibu mkubwa wao kwa upole. "Ni ya kunyanyua."

Hesabu yake haikuwa na kasoro, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikavua shati la kazini. Nilipoteremka na katoni ya kwanza kichwani, Bibi alisogeza mkeka wake karibu na mlango wa stoo, akamimina kahawa, akaweka sauti ya redio chini apate kuhesabu.

"Mtani, hiyo pembe ya ndovu ya ngapi?"

"Ya kwanza, Bibi."

Kufika pembe ya kumi, watu walikuwa wamekaa kwenye ngazi kutoka ghorofa ya pili. Kijana wa chaja alifunga lifti aje kutazama. Ya ishirini nilipumzika, nikapewa kashata na Bibi, akasema msafara lazima ule. Ya thelathini Shemeji mwenyewe aliona haya akavua viatu akanisaidia, na Bibi akatamka mbele ya mashahidi kwamba kuanzia leo naye ni Mnyamwezi.

Shemeji aliweka alama kwenye karatasi yake, akafunga stoo, akanipa mkono. Arobaini, zimetimia. Nikapanda kuoga. Sebuleni, chini ya dirisha, katoni moja ilikuwa imebaki.

Nimemwuliza Shemeji mara mbili, ananionyesha karatasi: arobaini. Mashuka hayajui, maua hayajui. Miezi saba sasa tumeiweka runinga juu yake. Mwenye kupotelewa na katoni moja ya chupa za chai aje aichukue, siku yoyote isipokuwa Jumapili, maana Jumapili tunalala. Ghorofa ni ya tano, au ya sita ukihesabu kwa Shemeji. Bibi atakuonyesha, na kahawa atakupa. Kuiteremsha utateremsha mwenyewe.