Namna ya Kuona Japani kwa Treni Bila Kuipita

Yuko msafiri mmoja ambaye utamkuta katika kila stesheni kubwa ya Japani. Simu iko mkononi, begi kama kabati linaburuzwa nyuma, na kichwani ana ngome saba za kumaliza kwa siku tano. Asubuhi yuko Tokyo, mchana Nagoya, jioni Osaka, usiku anatuma picha nyumbani. Mwulize ameona nini, atakusimulia mwendo wa treni. Mwongozo huu ni wa kukuepusha na hali yake, kwa sababu nchi ile ni nzuri mno kupitwa mbio.

Anza na pochi. Pasi ya reli ya siku saba wanayouziwa wageni ilikuwa yen 29,650, na Oktoba 2023 ikapanda hadi yen 50,000. Pasi hii ndiyo inayowatia watu wazimu. Mtu akishailipa, kila saa anayokaa nje ya behewa anaiona hasara, basi atapanda treni hata ya kwenda asikokujua mradi pesa irudi. Chukua karatasi upige hesabu. Tiketi ya treni ya mwendokasi kutoka Tokyo hadi Kyoto ni kama yen 14,000. Kwenda na kurudi ni 28,000. Mwenye miji miwili au mitatu hana haja ya pasi, na akiikosa atakuwa na akili ya kushuka.

Maana kushuka ndiyo kazi yenyewe. Shinkansen, yaani treni hiyo ya mwendokasi, ilizinduliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku tisa kabla ya Olimpiki ya Tokyo kufunguliwa, na leo ile ya haraka kuliko zote kwenye njia hiyo, Nozomi, inafika kilomita 285 kwa saa. Tokyo hadi Kyoto ni saa mbili na robo hivi. Ipande, uifurahie, ila omba kiti E, kilicho dirishani upande wa kulia ukielekea Kyoto. Baada ya dakika arobaini na kitu, karibu na stesheni ya Shin-Fuji, Mlima Fuji unatokea upande huo. Weka simu mfukoni. Mlima wa mita 3,776 unataka macho mawili. Ukiukuta umejifunika, usimnunie kondakta. Aliyekulia Moshi anajua kwamba mlima hujifunua unapotaka wenyewe.

Kabla ya kupanda, nunua chakula stesheni. Wenyewe wanakiita ekiben, yaani boksi la chakula cha safarini, na karibu kila eneo lina lake la kujivunia. Lifungue taratibu. Wali umepangwa upande mmoja, juu yake kuna tunda jekundu la umeboshi lenye chumvi na ukali wa kukunja uso, pembeni kipande cha samaki, mboga za kuchachua, na yai lililokunjwa likakatwa vipande sawasawa. Wali ni wa baridi, na umekusudiwa kuliwa hivyo hivyo, kwa hiyo usitafute wa kukupashia. Kula ukiwa kwenye treni ya safari ndefu. Kwenye treni za mjini, ambako watu wamebanana bega kwa bega, chakula kikae ndani ya mfuko.

Jukwaani utaona alama zilizochorwa chini. Hapo ndipo mlango wa behewa utakaposimama, na hapo ndipo watu wanapanga foleni. Mkimbilia milango kwa viwiko, aliyeulea ufundi wake kwenye daladala, hapa hatapata wa kushindana naye. Atabaki peke yake na viwiko vyake. Simu ikilia, toka ukazungumzie kwenye nafasi iliyo kati ya mabehewa. Na lile begi la kabati lipime: tangu Mei 2020, mzigo ambao urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 unahitaji kiti maalumu kilichowekewa nafasi mapema. Dawa bora ni kubeba begi dogo.

Sasa ngome. Ukifika kwenye ngome yoyote, iulize umri kabla ya kuipiga picha. Ile ya Osaka inayopamba kalenda ilijengwa kwa zege mwaka 1931, na ndani ina lifti na makumbusho. Ya Nagoya iliungua katika mashambulizi ya ndege ya Mei 1945, ikasimamishwa tena kwa zege mwaka 1959. Siwacheki wenyeji kwa hilo. Watu wa Osaka walichangishana kuujenga upya mnara wao, na mji unaojichangia kumbukumbu yake unastahili heshima. Ninayemcheka ni mgeni anayesimama ndani ya lifti akisema ananusa harufu ya samurai.

Minara mikuu ya asili, iliyojengwa kabla ya utawala wa samurai kuanguka mwaka 1868, imebaki 12 tu nchi nzima. Baada ya hapo ngome nyingi zilibomolewa au kuuzwa, na vita vikaja kuchoma nyingine. Kwa hiyo chagua mbili kati ya hizo 12, uzipe siku nzima kila moja.

Ya kwanza iwe Himeji, maana ukitoka stesheni unaiona mbele yako, nyeupe, mwisho wa barabara iliyonyooka kama kilomita moja. Mnara wake ulikamilika mwaka 1609, na ukarabati mkubwa wa karibuni ulimalizika 2015. Usikimbilie juu. Njia ya kuufikia mnara inazunguka kwa makusudi: unapita lango, unapinda, mnara uliokuwa mbele unajikuta umekuwa ubavuni, kisha lango jingine. Adui aliyeingia alitakiwa achoke na apotee huku akitazamwa kupitia matundu ya ukutani, mengine ya pembetatu, mengine mviringo, mengine mraba, ya mishale na bunduki. Anayepita kule kwa haraka anarudia kosa la adui.

Ya pili iwe Hikone, hasa kwa sababu treni ya mwendokasi haisimami hapo. Kutoka Kyoto panda treni ya kawaida, dakika hamsini hivi. Mlangoni utavua viatu, uviweke kwenye mfuko na kuvibeba. Kisha ngazi. Zimesimama wima karibu kama ngazi ya kupandia darini, na mbao zake zimelainishwa na nyayo za miaka mia nne hadi zinateleza chini ya soksi. Mkono mmoja una viatu, mwingine umeng'ang'ania mhimili, na mbele ya pua yako kuna kisigino cha mzee aliyekutangulia anayepanda polepole bila kulalamika. Hapo hakuna wa kumpita mwenzake. Juu kabisa, dirishani, unaliona Ziwa Biwa, kubwa kuliko maziwa yote ya Japani. Kwa dakika hizo tu nauli imelipa.

Kyoto wengi wanaiharibu kwa papara. Kwenda Fushimi Inari, mahali pa ibada ya Shinto penye maelfu ya malango mekundu, panda treni ya njia ya Nara ushuke stesheni ya pili, Inari. Panda ile inayosimama kila kituo, maana ya haraka inapita bila kusimama. Umati hupiga picha kwenye malango ya mwanzo na kugeuka. Wewe endelea kupanda, kilima ni mita 233 tu, na kadiri unavyopanda ndivyo kelele zinavyobaki chini. Hekalu la Ryoan-ji lifikie kwa tramu ndogo ya Randen, inayopita karibu na nyua za watu. Kaa kwenye ukumbi wa mbao uhesabu mawe ya bustani. Yako 15, lakini popote utakapokaa moja litajificha. Sogea, hesabu tena. Mwenye haraka anahesabu mara moja na kuondoka akidhani wamemdanganya.

Siku ya Nara, baada ya kumwona Budha mkubwa wa shaba wa hekalu la Todai-ji aliyezinduliwa mwaka 752, usirudi Kyoto. Dakika kumi na kitu kwa treni kuna Horyu-ji, hekalu lenye majengo ya mbao ya zamani kuliko yote yaliyobaki duniani. Wageni wengi wanapapita kwa sababu kuna mwendo wa miguu wa kama dakika ishirini kutoka stesheni. Tembea.

Na ukifika Hiroshima, panda tramu. Bomu lilianguka tarehe 6 Agosti 1945. Tarehe 9 tramu zilikuwa zimeanza tena kutembea kwenye kipande cha njia. Yako magari yaliyonusurika siku ile ambayo bado yanabeba abiria. Likikupata, keti, ukae kimya hadi mwisho wa njia.

Jambo la mwisho ni la saa. Treni zitakuwepo hadi karibu usiku wa manane, lakini mahekalu na ngome nyingi hufunga saa kumi na moja jioni, na baadhi huacha kuingiza watu saa kumi na nusu. Amka mapema.